Moyo unapiga, kiini kina ukungu: kumtafuta anayeua mayai ya samaki wa baharini

Kijana wa zamu alinipigia simu saa 11 alfajiri. "Shikamoo mwalimu. Mayai yamekufa tena. Yote yako chini." Kutoka nyumbani hadi kituo chetu cha kuzalisha vifaranga, upande wa Kigamboni, Dar es Salaam, si mbali. Nilipofika nilivuta mayai meupe kwa pipeti kutoka sakafu ya tangi, nikayaweka chini ya hadubini. Ndani ya maganda vidudu vilikuwa vinazunguka kwa kasi, vimesongamana kama siafu kwenye mfupa. Nikatangaza kwamba muuaji amepatikana. Tukamwaga dawa siku 3 mfululizo, na mtago uliofuata ukazama vilevile.

Aliyetuokoa ni mama anayetuoshea nyavu za kukusanyia mayai. Alinawa uso kwa maji ya tangi, yakamwingia mdomoni, akasema, "Mwanangu, haya maji hayana chumvi." Kipima chumvi kikasoma 26 (yaani sehemu 26 za chumvi kwa kila 1,000 za maji), na sisi tulikuwa tunaandika 34 kila siku kwa mazoea. Ilikuwa katikati ya Aprili, masika imekolea, mito imefurika, na bomba letu linavuta maji karibu na mlango wa kijito. Mayai yalizama kwa sababu maji yalikuwa mepesi, yakarundikana chini, yakakosa hewa, yakafa. Vidudu nilivyoviona ni siliati, viumbe wa seli moja wenye vinyweleo vya kuogelea, walaji wa mizoga. Walikuta chakula kimeandaliwa.

Tangu siku hiyo nina msimamo mmoja, na mwongozo huu wote umejengwa juu yake: yai lililokufa halisemi ukweli. Kinachokuonyesha ugonjwa ni yai lililo hai, likitazamwa kwa saa yake. Ukijua yai lilikuwa na umri wa saa ngapi lilipoharibika, na ni sehemu gani ya yai iliyotangulia kuharibika, umeshafuta nusu ya washukiwa kabla hujagusa dawa.

Anza na saa

Mwatiko na chewa ndio samaki ninaowazungumzia zaidi hapa. Mwatiko hutaga usiku. Tuseme wametaga saa 6 usiku. Katika joto la bahari yetu ya Dar es Salaam, mayai yake huanguliwa baada ya saa 24 hadi 36. Chewa hachelewi zaidi ya hapo. Maandiko mengi ya magonjwa ya mayai yametokana na bahari za baridi, ambako yai huchukua wiki 2 au zaidi kuanguliwa, kwa hiyo ukisoma kwamba dalili inaonekana "siku za mwisho", kwetu tafsiri yake ni jioni ya siku hiyohiyo. Atakayekagua mara moja kwa siku ataukuta ugonjwa umekwisha kazi yake.

Kwa mtago wa saa 6 usiku mimi hukagua mara 4. Kwanza alfajiri, tunapokusanya. Kisha mchana saa 6, kiinitete, yaani kifaranga kinachojijenga ndani ya yai, kinapokuwa kimejichora juu ya kiini, ghala lake la chakula. Kisha saa 12 jioni, macho yanapoonekana na mkia unapoanza kujinasua. Mwisho saa 5 usiku, kabla ya kuanguliwa. Kila mara ni mayai 50 yaliyo hai, yaliyochotwa juu ya maji baada ya kuzima pampu ya hewa kwa dakika 5. Yaliyozama yanahesabiwa pembeni, kwenye safu yake ya daftari, na hayachanganywi na hayo 50.

Vifaa si vingi: hadubini yenye ukuzaji wa mara 40 na mara 100, slaidi yenye kishimo katikati ili yai lisipondwe, pipeti ya mdomo mpana, kipima chumvi kilichosahihishwa kwa maji yaliyosafishwa, kipimajoto, na simu. Ukiegesha kamera ya simu kwenye lenzi ya hadubini unapata picha ya kutosha kumtumia mwenzako. Andika saa kwenye kila picha. Picha ya yai isiyo na saa hainisaidii, na nimetumiwa nyingi za namna hiyo.

Jambo moja kuhusu sura ya yai zima, kwa sababu hapa watu wengi hujikwaa. Yai la chewa ni angavu kama kioo, lina upana usiofika milimita 1, na ndani yake kuna tone moja la mafuta. Yai la mwatiko ni kubwa kidogo, milimita 1.1 hadi 1.25, halina tone la mafuta, na kiini chake kwa asili kina chembechembe laini na rangi ya manjano kwa mbali. Aliyezoea chewa akiangalia yai zima la mwatiko kwa mara ya kwanza atasema lina ugonjwa. Hifadhi picha za mayai mazima ya samaki wako, za kila saa, uzibandike ukutani. Bila kukijua kizima huwezi kukijua kigonjwa.

"Yamezama na kuwa meupe kabla ya mchana"

Hii ndiyo simu ninayopigiwa zaidi, na mara nyingi kimelea hahusiki.

Tazama kwanza kama yai liligawanyika. Yai lililorutubishwa huanza kugawanyika seli 2, kisha 4, kisha 8, mapema kabisa baada ya kutagwa, na alfajiri linapaswa kuwa na kofia ya seli nyingi upande mmoja. Ukikuta mengi hayana kofia hiyo, hayakurutubishwa. Dume ni wachache, au hawajakomaa, au homoni ilitolewa kwa saa isiyofaa. Hapo shida iko kwa samaki wazazi.

Kama yaligawanyika kisha yakasimama, pima chumvi. Chini ya 30 mashaka yangu yote huenda huko, hasa Machi hadi Mei na siku za vuli. Chumvi ikiwa sawa, uliza ni nani aliyekusanya na kwa wavu gani. Saa za mwanzo yai halitaki kutikiswa. Wavu mkavu, ndoo iliyobebwa juu ya bodaboda, hewa inayochemka kama chungu cha maharage, vyote vinaua, na vinaua vikiacha yai jeupe lililoganda lote kwa pamoja, kiini na kiinitete. Weupe huo wa yai zima ni wa protini iliyoganda. Ukumbuke, maana dalili inayofuata inafanana nao kwa mbali na kwa karibu haifanani kabisa.

"Kiinitete kizima, moyo unapiga, lakini kiini kimeingia ukungu"

Hapa simama. Kwa dalili hii mimi huita kila mtu aje aone.

Hali yenyewe ni hivi. Alfajiri mayai yalikuwa mazuri. Yalielea. Saa 6 mchana bado mazuri, labda mawili matatu yana kivuli kwenye kiini. Jioni kiinitete kimekamilika, macho yapo, moyo unapiga, mkia unatikisika, mwili wake angavu. Lakini kiini, badala ya kuwa angavu, kimekuwa kama maji ya mchele. Ukikuza mara 100 unaona ukungu huo umeundwa na vidonge vya mviringo vinavyolingana ukubwa, vimejazana ndani ya kiini tu. Nafasi iliyo kati ya ganda na kiinitete iko safi. Kufikia usiku kiini chote kimejaa. Vifaranga vingine hufa ndani ya ganda wakijaribu kutoka, na vingine hutoka, kisha kifuko cha kiini kinapasuka na vidonge vinamwagika majini kama unga. Asubuhi chini ya tangi kuna ngozi tupu.

Mshukiwa mkuu wa sura hii ni Ichthyodinium chabelardi, kimelea wa seli moja wa jamaa ya dinoflajelata, viumbe wadogo sana wanaoogelea kwa mijeledi. Alielezwa mwaka 1952 na Wafaransa wawili, Hollande na Cachon, waliomkuta ndani ya mayai ya sadini kwenye bahari ya Algiers. Mwaka 1994 kimelea wa namna hiyo aliripotiwa kwenye mayai na vifaranga vya samaki wa baridi katika bahari za Ulaya ya kaskazini. Mwaka 2007 watafiti walieleza kimelea wa jenasi hiyo kwenye viinitete vya jodari wa mapezi ya njano waliofugwa Bali, Indonesia, na mwaka huohuo wa jamii hiyo akaelezwa kwenye mayai ya chewa huko Japani. Mwaka 2009 vinasaba vyake vilimweka kwenye kundi la kwanza la alveolata wa baharini, viumbe wa seli moja ambao kwa miaka mingi walijulikana kwa vinasaba tu vilivyookotwa kwenye maji ya bahari. Kwa nini nayaeleza haya kwa mfugaji wa Mbweni au Mjimwema? Kwa sababu jodari wa Bali na chewa wa Japani ni samaki wa maji ya joto kama yetu, na jodari huyo huyo anauzwa kwenye soko la samaki la Feri kila asubuhi. Kimelea huyu hachagui sana mwenyeji. Sadini, jodari na chewa ni koo tofauti kabisa za samaki, na wote mayai yao yanamlea.

Namna anavyofanya kazi inaeleza kwa nini dawa zetu za kawaida hazimfikii. Anaingia yai likiwa changa, anakaa ndani ya kiini, yaani kwenye ghala la chakula la kiinitete, na anakula akiongezeka. Kiinitete hakiguswi mwanzoni, ndiyo maana moyo unaendelea kupiga. Kifuko kinapopasuka, vidonge vilivyotoka vinaendelea kugawanyika majini mpaka vinakuwa mbegu ndogo zenye mijeledi miwili, zinazoogelea kwa kujizungusha. Hizo ndizo zinazoutafuta mtago mwingine. Iodini inasafisha ganda. Haipiti ganda na kiini ikamfuata humo ndani, na ukiongeza kipimo mpaka ifike huko, kiinitete kitakuwa kimekufa kabla yake. Yai lililokwisha ingiwa halina tiba. Atakayekuuzia chupa akisema inatibu kiini chenye ukungu, mwambie akuonyeshe yai moja lililopona.

Usichanganye dalili hii na tatu nyingine. Ya kwanza ni yai lililokufa na kuganda: humo kiinitete nacho ni cheupe na moyo umesimama. Ya pili ni chembechembe za asili za kiini cha mwatiko: hizo ni laini, zimetawanyika sawasawa, na hazikui kutoka saa 6 mchana hadi jioni. Vidonge vya kimelea vinaongezeka kila ukikagua. Ya tatu ni kifuko kilichopasuka kwa sababu ya hewa kali au mshtuko wa chumvi: hapo kiini humwagika kama mafuta na ute, na hakuna vidonge vya mviringo. Ukitaka uhakika, chukua kifaranga chenye ukungu, mpasue kifuko kwa sindano juu ya slaidi ukiangalia. Vikitoka vidonge vya duara vinavyolingana, funika slaidi kwa bakuli lenye kitambaa kibichi ili isikauke, urudi baada ya saa kadhaa. Ukikuta vimekuwa vidogo zaidi na vingine vinaogelea, shaka yako imepata nguvu.

Jina kamili, hata hivyo, linatoka kwenye vinasaba. Weka mayai 30 yenye dalili kwenye spiriti ya asilimia 95 kwa ajili ya vinasaba, na 30 mengine kwenye fomalini iliyochanganywa na maji ya bahari kwa ajili ya kuangalia umbo. Usiweke yote kwenye fomalini, kwa sababu inaharibu vinasaba. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina watu wa sayansi za majini, na taasisi yake ya sayansi za bahari iko Zanzibar. TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi Tanzania, nao wako hapa mjini. Wapelekee sampuli zikiwa na saa, chumvi, joto na picha, nao watakuwa na cha kufanyia kazi.

Jaribio la ndoo 3

Kabla majibu ya maabara hayajarudi, kuna swali unaloweza kulijibu mwenyewe kwa usiku mmoja: kimelea anaingia wapi? Tumia mayai ya mtago mmoja, yaliyokusanywa mapema iwezekanavyo. Yagawe kwenye ndoo 3 safi, mayai kama 200 kila moja, zenye joto na chumvi sawa.

Ndoo ya kwanza iwe na maji ya tangi la samaki wazazi, jinsi yalivyo. Ya pili iwe na maji yaliyopita chujio la mikroni 1 (sehemu ya elfu ya milimita) na taa ya UV, yaani ya mionzi inayoua vijidudu. Ya tatu iwe na maji ya bahari yaliyochemshwa, yakapoa, yakarudishiwa hewa usiku kucha, na yakarekebishwa chumvi kwa maji safi kidogo, kwa sababu kuchemsha kunaongeza chumvi. Mayai ya ndoo ya pili na ya tatu yasuuzwe kwanza mara 3 kwa maji ya ndoo yake. Kila ndoo iwe na pipeti yake na jiwe lake la hewa. Pipeti moja ikitembea ndoo zote 3, jaribio limekufa.

Ikiwa ya kwanza imepata ukungu na nyingine mbili ziko safi, adui anaingia kupitia maji baada ya kukusanya, na una nafasi kubwa ya kushinda. Ikiwa zote zimepata ukungu kwa kiwango kinachokaribiana, mayai yaliingiwa kabla hujayakusanya, ndani ya tangi la wazazi. Hapo tatizo ni zile saa kati ya kutagwa na alfajiri. Ikiwa ya pili imeugua na ya tatu ni salama, taa yako ya UV haifanyi kazi unayodhani inafanya. Imechakaa, au bomba lake la kioo lina utando wa chokaa, au maji yanapita kwa kasi mno. Hili la mwisho ni la kawaida kuliko watu wanavyokubali. Taa inayowaka si lazima iwe taa inayoua. Balbu za UV huzeeka huku zikiendelea kuwaka, kwa hiyo fuata saa za matumizi zilizoandikwa na mtengenezaji.

Jibu la pili, la zote kuugua, linataka mabadiliko ya ratiba. Vituo vingi hukusanya mayai asubuhi kwa sababu mlinzi wa usiku hajui kazi. Mtago wa saa 6 usiku ukikusanywa saa 12 asubuhi umeshakaa saa 6 kwenye maji ya wazazi, na hizo zinaweza kufika robo ya maisha yake yote ndani ya ganda. Weka wavu kwenye bomba la kufurikia tangu jioni, na mtu wa kuyatoa kila saa. Mfundishe huyo mlinzi. Kazi yenyewe ni ndoo na wavu.

Tazama pia mayai unayoyaacha. Wazazi wakitaga usiku 4 au 5 mfululizo, mayai yasiyokusanywa usiku wa kwanza yanapasukia ndani ya tangi, na mbegu za kimelea zinaukuta mtago wa usiku wa pili. Ndiyo maana mara nyingine mtago wa kwanza unapona na wa tatu unaangamia wote. Badili maji kwa wingi kila baada ya mtago, na ufyonze sakafu ya tangi.

Maji yanatoka wapi

Chujio la mchanga peke yake halitoshi. Linakamata jeli na majani, lakini mbegu zenye mijeledi zinapita kati ya chembe za mchanga. Mpangilio ninaouamini kwa maji ya mayai ni mchanga, kisha chujio la mikroni 10, la 5, la 1, kisha UV. Maji ya wazazi ni mengi mno kuyapitisha huko kote, lakini ya mayai ni lita mia chache tu, na hapo hakuna kisingizio.

Vuta maji wakati bahari imejaa, na zaidi siku za bamvua, wakati maji ya nje yanaingia kwa nguvu. Maji kupwa yanakuletea tope la mikoko, maji ya mifereji, na kila kilichobaki kwenye vidimbwi. Siku za mvua usivute kabisa, tumia akiba. Tangi la akiba la siku 2 limetuokoa mara nyingi kuliko dawa yoyote. Umeme ukikatika pia, akiba inashuka kwa uzito wake yenyewe bila pampu, ikiwa umeliweka juu.

"Ganda limeota manyoya"

Hii inatisha machoni kuliko ilivyo. Nyuzi ndefu nyembamba zilizosimama juu ya ganda mara nyingi ni bakteria wa uzi, kama Leucothrix mucor, ambao hustawi kwenye maji yenye uchafu wa chakula. Vikombe vyenye shina vinavyojikunja ukigusa slaidi ni siliati wa kujibandika. Wote wako nje. Wanaiba hewa, wanafanya yai lizame, na wanazuia kuanguliwa, lakini kiini kiko safi. Hapa dawa ya nje inafaa. Iodini ya miligramu 50 kwa lita kwa dakika 5 hadi 10, kisha suuza vizuri. Jaribu kwanza kwa mayai 100, maana kila samaki ana uvumilivu wake, na usiitumie mayai yanapokaribia kuanguliwa. Kisha punguza msongamano.

Kali zaidi ni ganda linaloyeyuka. Bakteria aitwaye Tenacibaculum ovolyticum alielezwa Norwei kwenye mayai ya samaki bapa wa maji baridi, na jina lake lina maana ya mwenye kuyeyusha mayai. Ukiona ganda lina mashimo, limelegea, na mayai yanapasuka huku viini vikiwa angavu, fikiria bakteria wa tabia hiyo. Hapa usafi wa maji na kusuuza mapema hufanya kazi kubwa kuliko iodini ya kuchelewa.

Wafugaji wa tasi wana shida yao. Mayai ya tasi hunata chini, kwa hiyo kipimo cha kuelea hakiwahusu na kusuuza ni kugumu. Wao waweke vibao vya kutagia vinavyoweza kuhamishwa vikiwa na mayai yake.

"Kuna vidudu vinaogelea ndani ya yai"

Nimeshaeleza kosa langu hapo juu. Swali ni moja: je, kuna yai hata moja lenye vidudu hivyo ambalo moyo wake unapiga? Kama hakuna, hao ni wala mizoga. Ondoa mayai yaliyokufa kila baada ya saa 6 na utaona wanapungua bila dawa.

"Yameanguliwa salama, yamekufa baadaye"

Kiini kikiwa angavu mpaka kikaisha, na vifaranga vikafa siku ya 3 au ya 4, anza na chakula. Je, rotifa, wale wanyama wadogo sana wa majini ambao ni chakula cha kwanza cha vifaranga, zilikuwepo midomo ilipofunguka? Ikiwa chakula kilikuwepo na vifaranga vinazunguka kama pia, vinaogelea kwa kichwa chini, hasa kwa chewa, shuku kirusi cha mishipa ya fahamu, ambacho kinaweza kutoka kwa mzazi kupitia mayai. Ukiona vidonge vya hudhurungi vimejibandika kwenye ngozi na mashavu, huyo ni Amyloodinium ocellatum, dinoflajelata mwingine, wa nje, anayeanguka chini na kugawanyika mpaka mbegu 256. Ni habari ndefu, inastahili mwongozo wake.

"Jike amejaa lakini mayai ni haba"

Samaki huyo akifa, mfungue. Minyoo myekundu mirefu iliyojikunja ndani ya ovari ni Philometra, na jike aliyenaswa porini anaweza kuja nayo. Haimo ndani ya yai lenyewe, inaharibu shamba linakotoka.

Ukishathibitisha ukungu kwenye kiini

Usiusubiri mtago uanguliwe kwa huruma. Najua ni uchungu, umelisha wazazi miezi, lakini kila kifaranga kinachopasuka kinazaa mbegu nyingi. Zima mzunguko wa maji kati ya tangi hilo na mengine. Weka klorini miligramu 200 kwa lita, kaa saa 1 au zaidi, kisha ivunje nguvu kwa sodiamu thayosalfeti ndipo umwage. Usiyamwage maji mabichi kijitoni, wavuvi wa dagaa na wafugaji wenzako wanachota huko huko. Nyavu, ndoo, mawe ya hewa na mipira viloweke kwenye klorini, kisha vianikwe juani vikauke kabisa. Jua la Dar halina gharama.

Siku inayofuata anza upya na ndoo 3, mayai 200 kila ndoo, na daftari lenye safu ya saa. Jioni saa 12, kabla hujaangalia kitu kingine chochote, tafuta yai ambalo moyo wake unapiga, kisha ukiangalie kiini.